Risasi Katika Damu ya Nanjala

Naliaka mwanangu,

Umeenda mjini kusukwa nywele na mdogo wako Nanjala amekufuata, kwa hivyo nyumba imetulia, na mimi nimefunika cherehani nikakaa hapa mezani. Kesho saa kama hii utakuwa umeshafika kwenye kazi yako. Mambo ya sweta, na kupiga simu, na kutolala njaa, hayo nilishasema hata nikakuchosha. Hapa nataka kuandika yale ambayo siwezi kuyasema ukiwa unaniangalia.

Ile jioni uliposema, "Mama, nimepata kazi, na ni ya betri," niliweka kijiko chini nikatoka nje. Baba yako alidhani nimeenda kuanua nguo. Wewe ulidhani nimekasirika, na tangu hapo umekuwa ukitembea humu ndani kama mtu aliyevunja sahani ya wageni. Sikukasirika. Nilishtuka. Nilisimama huko nje nimeshika kamba ya nguo, nikijiuliza ni nini kinachomfanya mtoto aliyeona yale tuliyoyaona akifuate kitu kilekile kwa miguu yake mwenyewe. Mshtuko huo haujaisha mpaka leo. Lakini nikikuacha uende hivi, utaondoka umebeba hasira ambayo haikuwepo, na sitaki uibebe.

Mengi unayajua, ulikuwepo. Ila mchana ulikuwa chuoni, na mengi yalitokea mchana.

Kwanza sitaki umsahau jirani yetu Mutiso alivyokuwa kabla. Tulipohamia mtaa wa Free Area, ploti yake ilikuwa na stima na yetu haikuwa nayo, kwa sababu mwenye nyumba wetu alikuwa mtu wa kesho. Baba yako anachomelea mabomba ya mvuke kule Olkaria, mvuke wa chini ya ardhi unaowasha taa za nchi nzima, na kila wikendi anarudi kwenye nyumba ya koroboi. Tulikuwa tunalicheka jambo hilo. Watu wa upande wetu waliokuwa na televisheni walitumia betri ya gari, na ikiisha nguvu wanaipeleka kwa Mutiso aichaji, wengine kwa baiskeli, wengine kwa wilbaro. Ulipokuwa unajiandaa kwa mtihani wa Form Four, alituletea betri na balbu ndogo, akaifunga mwenyewe juu ya meza yako. Kila ilipoisha aliibadilisha bila kuambiwa. Mkewe alikuwa rafiki yangu. Gauni alilovaa akiwa na mimba ya Brian nilimshonea mimi, na Brian alipoanza kutembea, safari yake ya kwanza ilikuwa kupita kwenye mwanya wa ua kuja kula ugali wangu.

Betri hufika siku ikakataa kuchajiwa. Wenyewe waliziacha kwake, zikarundikana nyuma ya kibanda. Halafu akaja broka mmoja na pikapu, akamwambia kwamba ndani ya kila betri iliyokufa kuna madini yanayotafutwa. Ayatoe tu, ayayeyushe, yeye atakuwa anapita kubeba. Nilimwona Mutiso akianza kazi hiyo. Alizipasua kwa shoka, ile asidi akaimwaga mtaroni, na sahani za ndani akaziyeyusha kwenye nusu ya pipa, kwa makaa na vipande vya tairi. Moshi ulipopita kwetu uliacha utamu wa chuma mdomoni, kama mtu aliyelamba sarafu. Siku moja nikamwambia, "Baba Brian, huu moshi wako umeutia sukari?" Akacheka. Nami nikacheka.

Nimefikiria sana kicheko hicho. Baba yako alikuwa ametuambia mara nyingi kuhusu gesi ya Olkaria, ile inayonuka kama mayai yaliyooza. Alisema ikizidi, pua inaacha kuisikia, ndiyo maana hakuna anayeingia sehemu fulani bila kifaa cha kupima hewa kiunoni. Niliyasikia maneno hayo nikiwa nakunja nguo, nikayaona ni maneno ya Olkaria. Hatari ya kazi ya mtu tunadhani inabaki kazini kwake.

Mvua ya masika mwaka jana iligeuza mlango wetu kuwa tope. Wateja wangu walikuwa wanavua viatu barabarani ndipo waje kupimwa. Asubuhi moja nikasikia wilbaro, nikatoka, nikamkuta Mutiso anamwaga yale masalio meusi yanayobaki akishayeyusha, mawe mawe yenye kung'aa kidogo. Aliyatandaza kutoka getini hadi mlangoni na akayashindilia kwa mguu.

"Sasa wateja wako watakuja kama mabibi harusi," akasema.

Nilimshukuru na kumpikia chai ya maziwa, akainywa amesimama. Palikuwa pazuri kweli. Maji yalipita chini na viatu vilibaki safi. Nanjala na Brian walihamia hapo kabisa. Walicheza kalongolongo mchana kutwa, Nanjala akiwa mama, Brian akiwa baba anayerudi kazini, na yale mawe madogo yalikuwa maharagwe. Niliwaona kupitia dirishani nikiwa kwenye cherehani. Niliwaona wakipakuliana, nikawaona wakila.

Sijui niandike nini baada ya sentensi hiyo. Nimeinuka, nimekunywa maji, nimerudi.

Unakumbuka Nanjala alivyobadilika. Tumbo lilimsumbua, choo kikawa kigumu, akaanza kutupa chakula na kupiga kelele kwa jambo dogo. Yule mtoto aliyekuwa anasoma majina ya maduka akiwa mgongoni mwako akaanza kusahau herufi. Mwalimu wake alinisimamisha njiani akaniuliza kama nyumbani kuna ugomvi. Kwenye zahanati wakasema ni minyoo, tukatibu minyoo. Wakasema ni taifodi, tukatibu taifodi. Kanisani wakamwombea. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba mtoto ametupiwa jicho, akanitajia na mtu. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kumwangalia mtu huyo vibaya kila alipopita.

Halafu ikaja ile asubuhi ya Brian. Wewe ulikuwa umeshatoka. Mama Brian aliita jina langu mara moja tu, kwa sauti ambayo sikuijua. Nilipofika mtoto alikuwa sakafuni, mwili umekakamaa, macho yamegeuka. Tulimpeleka hospitali tukimshika sote wawili kwa sababu degedege lilikuwa linaacha na kurudi. Kabla jua halijazama alikuwa ameaga dunia. Wakasema ni malaria iliyopanda kichwani, na hatukuwa na sababu ya kukataa.

Unakumbuka matanga. Watu walijaa kwa Mutiso, wengine wakakaa kwetu, tukatandika mikeka hapo mlangoni juu ya mawe meusi kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Watoto wa watu walikaa hapo wakila mkate. Mimi ndiye niliyewagawia.

Baada ya Brian kupelekwa Ukambani kuzikwa, nilikataa zahanati nikampeleka Nanjala hospitali kubwa. Tulimpata daktari msichana, pengine amekuzidi miaka michache tu. Alimsikiliza, akamgonga magoti kwa kile kinyundo chao, kisha akamwinua mdomo kwa kidole na kuangalia ufizi kwa muda mrefu. Ukingoni mwa ufizi kulikuwa na mstari wa bluu iliyofifia. Mimi humpigisha mswaki, na sikuwa nimeuona.

"Mama, nyumbani kuna mtu anafanya kazi ya betri?" akauliza.

"Nyumbani hapana," nikasema. "Ni jirani."

Alimtoa Nanjala damu na kutuambia itapelekwa Nairobi kupimwa. Majibu yaliporudi uliomba ruhusa chuoni ukaja na mimi, kwa hivyo uliona nilivyofanya, na labda uliona aibu. Daktari alisema, "Mama, kuna risasi kwenye damu ya mtoto. Nyingi sana." Nami nikamvuta Nanjala nikaanza kumpapasa kichwa, shingo, mgongo, chini ya nguo.

"Nani amempiga risasi?" nikasema. "Lini? Mbona sijaona damu?"

Wewe ndiye uliyenishika mikono. "Mama, si hiyo. Ni madini. Yale ya ndani ya betri. Jina ni hilohilo."

Nilikaa. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo bila kujua kwamba neno hilo lina kitu kingine ndani yake. Daktari akauliza mtoto anacheza wapi, nikamweleza kuhusu mawe. Akauliza kama huwa anayatia mdomoni. Nikamweleza kuhusu maharagwe. Aliacha kuandika.

"Dawa tutatafuta," akasema, "lakini dawa ya kwanza ni kumtoa hapo. Msirudi kulala."

Ndivyo tulivyokuja mtaa wa Section 58 kwa shangazi yako tukiwa na nguo za mwilini. Tulikuwa tumeshafika mlangoni pa chumba cha daktari alipotuita tena na kuuliza, "Na watoto wengine? Kuna wengine wanaocheza hapo?"

Nilifungua mdomo kusema Brian. Nilikuangalia, na nikaona kwamba wewe ulikuwa umeshafika huko kabla yangu, macho yako yalikuwa yamejaa. Hakuna aliyetuambia kwamba ni risasi iliyomuua Brian, na hakuna aliyempima. Lakini hapo mlangoni sote wawili tulijua, na daktari alisoma nyuso zetu akajua, na kulikuwa na watu wawili Free Area ambao hawakujua.

Wikendi hiyo baba yako alirudi, tukakaa naye. Mimi nilitaka tunyamaze. Nilisema mtu aliyezika mtoto hawezi kuambiwa kwamba ni kazi ya mikono yake iliyomuua. Nilisema tuwaambie tu wahame, tubuni sababu. Baba yako alisikiliza mpaka mwisho, unamjua.

"Mama Brian ana mimba," akasema.

Nikaacha kubuni sababu.

Nilikwenda mwenyewe, mchana, nikawakuta wote wawili wamekaa nje. Niliwaeleza kama nilivyoelezwa. Niliwaambia kuhusu damu ya Nanjala, na ufizi, na mawe. Sikulitaja jina la Brian. Mama Brian alilitaja.

"Kwa hivyo Brian pia," akasema, akiniangalia.

"Sijui," nikasema. "Nadhani."

Mutiso hakunyanyua uso. Aliokota kijiti akaanza kuchora chini. Nilingoja alie, au anitukane, nilikuwa tayari kwa lolote. Hatimaye alisema, "Mimi nimekula moshi huu kila siku. Mbona sijafa?" Akaingia ndani na kufunga mlango.

Kesho yake nilirudi kuchukua cherehani, na nilipokata kona niliona moshi. Alikuwa amewasha pipa. Naliaka, nimeona mambo katika maisha yangu, lakini sijui kama kuna lililonigonga kama hilo. Nilisimama barabarani watu wakinipita. Nilimwona mtu mwema, mtu aliyekufungia balbu juu ya meza, akipasua betri kwa shoka, taratibu, moja baada ya nyingine, kama mtu ambaye hajaambiwa kitu. Siku hizo nilimwita mkatili. Sasa naona nilikosea. Kama angeacha kazi siku hiyo, angekuwa amekubali. Shoka ndilo lililokuwa linamsaidia asikubali.

Unapoenda kufanya kazi hiyo utakutana na watu wa namna hiyo. Utawaambia ukweli, na watakuangalia, na watawasha moto. Usiwadharau. Ukweli mwingine mtu hawezi kuubeba siku anayopewa.

Lakini pia usiwangoje. Hilo nilifundishwa na Mama Brian. Alikwenda hospitali peke yake, akatoa damu, akangoja majibu bila kumwambia mtu. Damu yake ilikuwa na risasi, na daktari alimweleza kwamba kile kilicho kwenye damu ya mama kinamfikia mtoto tumboni. Aliporudi mimi nilikuwa pale nafunga vyombo vya mwisho. Nilimwona akipitiliza mlango wake na kwenda nyuma ya kibanda. Mutiso alikuwa amepanga makaa na alikuwa hajawasha. Mama Brian, na tumbo lile, alivuta boksi tupu la betri, akaligeuza, akalikalia mbele ya pipa.

"Toka hapo, nitawasha," Mutiso akasema.

"Washa."

"Mama Brian, toka."

"Mmoja tulimzika hatujui. Huyu tunajua. Washa, mimi niko hapa."

Hakupaza sauti. Nilikuwa nimeshika sufuria zangu, sikuweza kuziweka chini. Mutiso alisimama na kiberiti mkononi, akamwangalia mkewe, akaangalia pipa. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akalia kwa sauti ya mtu anayekosa hewa. Mkewe hakumgusa mpaka alipomaliza. Pipa hilo halikuwashwa tena.

Mambo ya mwezi wa kwanza mwaka huu, ya kuchomana baada ya uchaguzi, sitayaandika. Uliyaona, na uliyanusa. Nitaandika siku moja tu. Habari ya Nanjala ilikuwa imeenea, na watoto wengine wa Free Area walikuwa wamepimwa, na baadhi yao majibu yalikuwa mabaya. Tulikuwa tumekwenda kumwona Mama Brian, wewe na mimi, wakaja wanaume. Wengine walikuwa baba za watoto hao. Wengine walikuja kwa sababu siku hizo mtu hakukosa mahali pa kwenda na kiberiti. Walikuwa na dumu la petroli. Walisema wanaichoma ile yadi ya betri pamoja na kibanda, Mutiso atajijua.

Nilikushika mkono. Ukauchomoa. Ulikwenda ukasimama getini, na mimi nikaona mwisho wa maisha yangu.

"Mathe, toka hapo," kijana mmoja akakuambia, na wewe hata si mama wa mtu. "Huyu mzee ametumalizia watoi."

"Dadangu ni mmoja wao," ukasema. "Hapa nyuma kuna betri mamia. Kuna vumbi la risasi kila mahali. Mkichoma, yote inapanda juu. Upepo unaenda wapi?"

Ukarudia swali, kama mwalimu. "Boss, nakuuliza. Upepo unaenda wapi?"

Mzee mmoja, baba wa pacha waliopimwa, aliangalia nguo zilizoanikwa upande wa pili wa barabara. Zilikuwa zinapepea kuelekea kwao.

"Kwetu," akasema.

"Basi mtavuta nyinyi. Na watoto watavuta, hata wale ambao bado hawajaumwa."

Kisha yule mzee akamnyang'anya kijana dumu, bila ugomvi, wakaondoka wakinung'unika. Nilitapika nyuma ya nyumba ya Mama Brian. Hilo hukulijua. Ulipokuja kunitafuta nilikuambia nanawa uso.

Sijawahi kukuuliza ulipata wapi ujasiri huo, kwa sababu naogopa utasema hukuhisi hofu. Kama hukuihisi, nakuomba uitafute. Hofu ndicho kile kifaa cha baba yako cha kiunoni. Lakini siku hiyo nilishtuka kwa njia ambayo sikuizoea. Nilikuwa nadhani namjua mtoto niliyemzaa.

Barabara zilipofunguka ulikwenda mjini kwa Mzee Harjit, yule Singh anayeuza betri, kwa sababu ulikuwa umeona kibandiko cha duka lake kwenye betri nyingi za Mutiso. Uliniambia ulivyomuuliza, "Mzee, hizi mliuza nyinyi. Zikikufa zinaenda wapi?" Na yeye akavua miwani, akasema tangu babake afungue duka hilo hakuna mteja aliyewahi kuwauliza hivyo, na yeye pia hajawahi kujiuliza. Kisha akaita dereva wa lori azibebe zote kuzipeleka kiwanda cha kuyeyusha risasi.

Nilikuja kuona siku ya kupakia. Nilidhani mtabeba kama watu wanavyobeba mawe. Kumbe kila betri ilisimamishwa wima, nzima, ili isimwage. Mawe meusi ya mlangoni petu yalinyunyiziwa maji kwanza vumbi lisiruke, ndipo yakazolewa kwa sepetu na kutiwa kwenye mapipa yenye vifuniko, na udongo wa chini yake nao ukachotwa. Mutiso alifanya kazi hiyo na barakoa na glavu za mpira, hakupumzika. Ukapanda lori hilo ukaenda nalo mpaka kiwandani, nje ya Nairobi, na uliporudi uliongea mpaka chakula kikapoa.

Nilijifanya sisikilizi sana. Nilisikia kila neno. Kwamba huko betri inapasuliwa ndani ya mashine iliyofungwa, na maji yanapita ndani yake. Kwamba asidi haimwagwi, inatiwa chokaa mpaka ukali wake unakufa. Plastiki inaoshwa na kuwa maboksi mapya. Risasi inayeyushwa kwenye tanuri lenye mdomo uliofungwa, na moshi unapitishwa kwenye mifuko mirefu ya kitambaa inayokamata vumbi, na vumbi hilo linarudishwa tanurini, kwa sababu nalo ni risasi. Nguo za kazi zinabaki kazini na mtu haendi kwake kabla ya kuoga. Na damu ya kila mfanyakazi hupimwa. Ulisema risasi haiishi, inaweza kutoka kwenye betri kuingia kwenye betri nyingine miaka na miaka, bila mtu kuchimba shimo jipya na bila mtoto kuigusa. Ulisema hivyo, "bila mtoto kuigusa," na ukamwangalia Nanjala aliyekuwa amelala kwenye kochi.

Ningepaswa kujua usiku huo kwamba nimekupoteza. Sikujua. Ndiyo maana ulipoleta habari ya kazi huko kiwandani, ya kupima hewa na maji na damu za wafanyakazi, nilitoka nje.

Nanjala anaendelea vizuri. Risasi kwenye damu yake imeshuka, tumbo limetulia, anacheka. Amerudia darasa, na mwalimu anasema anafika, ila polepole. Daktari aliniambia kuna kitu ambacho huenda kisirudi, na sitakiita kidogo. Juzi alinisomea jina la duka moja, lote, akasimama akingoja nimsifu, na nilimsifu mpaka watu wakageuka. Mama Brian alijifungua msichana, umemwona. Walimpima, ana risasi kidogo, wanamfuatilia. Mutiso anazunguka mitaani akikusanya betri zilizokufa kwa ajili ya duka la Mzee Harjit, nzima nzima, na akikuta mtu anapasua anasimamisha mkokoteni wake na kumweleza kuhusu Brian. Anamtaja kwa jina. Sijui anawezaje.

Mwanangu, sina mafundisho ya kazi hiyo. Wewe unaijua, mimi najua pindo na vifungo. Ninalojua ni hili: sisi hatukudhuriwa na mtu mbaya. Tulidhuriwa na jirani aliyetupenda, na wilbaro ya wema, na mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Kwa hivyo ukiwa huko usimpime mtu kwa sura yake wala kwa wema wake kwako. Pima hewa. Meneja akikununulia chakula cha mchana, kula, mshukuru, kisha nenda upime hewa.

Na kama itafika siku utakuta wamefungua tanuri usiku moshi utoke bila kupita kwenye ile mifuko, kwa sababu mifuko mipya imechelewa, au kwa sababu kuna oda kubwa, au kwa sababu mkubwa fulani amesema ni mara hii tu, waambie. Waambie mara moja, na wakubwa wao, na serikali. Wakiendelea, usibaki ukisema utawarekebisha kutoka ndani. Toka na nguo ulizovaa. Usiogope kwamba nitasema nilikuambia, wala kwamba majirani watacheka mtoto wa diploma amerudi kwa mamake. Panda gari la kwanza uje. Utaoga, utakula, utalala, na mtu wa kwanza atakayekuuliza kitu asubuhi nitamfukuza mimi.

Nasikia sauti zenu barabarani. Nanjala anakusomea kitu.

Ni mimi,
Mama yako